TUNAOGOPA KIKOMBE, GUNIA HATULIOGOPI

Mpenzi msomaji, kila mwaka jarida hili la chama chetu hujaa insha za ukimwi, mihadarati, mimba za mapema na ukataji wa miti. Ni mambo mazito hayo, sikatai. Lakini mwaka huu nimemwomba mhariri aniachie kurasa chache niandike juu ya maradhi ambayo wengi wetu hapa shuleni hatuyajui hata kwa jina. Ukisema hepatitisi, utamwona mwenzako amekunja uso kama aliyetafuna limau. Ukisema homa ya ini, atakuuliza, "Kwani ini nalo hushikwa na homa?" Hushikwa, ndugu yangu. Tena virusi vyaweza kukaa humo miaka thelathini au arobaini na mwenye ini asijue kwamba ana mgeni.

Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa mjomba wangu anayeishi na homa ya ini aina ya B, kwa Nyanya ambaye aliuona mwaka 2004 kwa macho yake, na kwa vitabu na ripoti nilizoazimwa na mwalimu wa Biolojia. Mjomba mwenyewe aliniruhusu. Aliniambia, "Jina langu liache, mpwa wangu. Hayo mengine waambie tu."

Kwetu ni pande mbili za Mto Athi. Sisi tunakaa upande wa Makueni, si mbali na Kibwezi. Kwa kina mama ni ng'ambo, kaunti ya Kitui, pande za Ikutha. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kumeza vumbi, lakini siku hizi kuna lami inayovuka mto na kuendelea hadi Mutomo na Kitui mjini, kwa hivyo kila likizo lazima nifike kwa Nyanya. Huko ndiko anakoishi mjomba.

Mjomba alizaliwa mwaka 1985. Ni dereva, na udereva wake si wa kubabaisha. Mwaka 2019 alisikia kwamba Uarabuni wanatafuta madereva wa malori. Akauza ng'ombe wawili, akamlipa ajenti, akatengeneza pasipoti, akapanda basi kwenda Nairobi kupimwa afya. Nchi za Ghuba huwapima damu wafanyakazi wanaotoka nje, na homa ya ini aina ya B ni mojawapo ya maradhi yanayotafutwa. Ukipatikana nayo, safari imekwisha. Mjomba hakujua hayo. Alikaa kwenye foleni siku nzima na jioni akapewa karatasi iliyosema kwamba hafai. Hafai! Hakuna aliyemketisha chini akamweleza ana nini, kinamwambukiza nani, wala aende wapi. Ajenti alikuwa keshakula pesa zake na simu hakushika tena.

"Nilitoka pale kama mtu aliyepigwa rungu kisogoni," aliniambia. "Nilikuwa na nguvu zangu zote, sikuhisi hata kichwa kuuma. Nikajiuliza, huyu mtu asiyefaa ni mimi kweli?"

Habari mbaya kwetu hupanda pikipiki. Kabla mjomba hajashuka kwenye matatu Ikutha, watu walikuwa wamekwisha kujua, ila kila mmoja alijua lake. Wengine walisema ni ukimwi. Wengine wakasema amelaaniwa kwa sababu ya mali ya marehemu babu. Pale nyumbani hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mkaza mjomba, mke wa kaka yake mkubwa, alichukua kikombe kimoja cha plastiki, cha kijani, akakifunga uzi mwekundu mkononi mwake. Kikawa cha mjomba. Sahani yake nayo ikawa na mahali pake, peke yake, juu ya mtungi. Watoto waliokuwa wakimrukia mapajani wakawa wanaitwa, "Njoo huku, hebu njoo huku," bila sababu. Mjomba si mjinga. Aliona uzi ule siku ya kwanza, akanywa chai yake, akashukuru. Baada ya mwezi mmoja akaanza kupika kwake.

Sasa, msomaji, ni vyema tuambizane ukweli. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu na majimaji ya mwili. Mtu huambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa, au utotoni kwa vidonda na mikwaruzo baina ya watoto, au kwa ngono isiyo na kinga, au kwa sindano, wembe na mswaki wa kushirikiana, au kwa damu isiyopimwa. Haviambukizi kwa kikombe. Haviambukizi kwa kijiko, kwa kusalimiana, kwa kukumbatiana, kwa kukohoa wala kwa kula sinia moja. Uzi ule mwekundu haukumkinga mtu yeyote katika boma lile. Kilichotakiwa kutengwa kilikuwa wembe, na wembe ule wa kunyolea wavulana wote wa boma ulikaa vivyo hivyo dirishani, haujafungwa uzi wowote!

Hata mjomba mwenyewe hajui aliupata wapi ugonjwa huu. Daktari alimwambia huenda ni utotoni. Hapa pana jambo la ajabu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza virusi, na wanaobaki navyo ni wachache, chini ya watano kwa kila mia. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, takriban tisa kati ya kumi hubaki navyo maisha. Ndiyo maana chanjo hupewa watoto. Hapa Kenya chanjo hiyo iliingizwa katika zile sindano za kliniki mwaka 2001, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mimi nimeiona katika kadi yangu ya kliniki, mama ameihifadhi ndani ya Biblia. Wewe unayesoma pia labda umechanjwa. Mjomba alizaliwa miaka kumi na sita mapema mno.

Wala asifikiri mtu kwamba ni balaa la Ikutha peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B iliyo sugu, na kati yao ni kama 13 tu kwa kila mia waliokuwa wamepimwa wakaambiwa. Wanaopata dawa walikuwa watatu kwa kila mia. Kwa hesabu hiyo mjomba, pamoja na karatasi yake ya "hafai," ni miongoni mwa wachache wenye bahati. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini si siku zote za kucheka. Watu huuliza, "Anaumwa wapi?" Swali hilo ni gumu. Ini ni kiungo kivumilivu, hufanya kazi kimya hata likiwa limejaa makovu. Wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa. Mjomba hana kidonda cha kuonyesha. Ana uchovu. Kuna siku anaamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Anaanza kuchimba mtaro saa mbili, saa nne amekaa chini ya mwembe. Jirani akipita anasema, "Huyu uvivu umemwingia tangu alipokosa Uarabuni." Maneno kama hayo, bwana, yanaingia ndani kuliko ugonjwa.

Halafu kuna hofu. Mara ya kwanza alipokwenda hospitali aliambiwa, "Ugonjwa unao, lakini dawa bado." Si kila mwenye virusi hivi huanzishiwa dawa siku ileile, daktari hutazama damu, hutazama ini kwa mashine ya picha, kisha huamua. Kwa daktari hiyo ni habari njema, maana ini bado ni zima. Kwa mjomba ilikuwa kama kuambiwa kuna nyoka chumbani lakini lala tu, tutakuja kumwangalia baada ya miezi sita. Akaanza kujitazama macho kwenye kioo kila asubuhi, kama yamekuwa manjano. Mwaka 2021 ndipo alipoanzishiwa dawa, kidonge kimoja kwa siku, kiitwacho tenofovir. Hakifukuzi virusi vyote bali huvilaza, na hakiachwi ovyo ovyo, kwa sababu virusi vikiamka ghafla vyaweza kuliunguza ini.

Kidonge hicho nacho kilileta fitina yake. Tenofovir hutumiwa pia na watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Binamu mmoja aliiona chupa, akaitambua, na jioni hiyo soko lote lilikuwa na habari. Mjomba angefanya nini? Apande juu ya meza sokoni atangaze, "Mimi ni wa ini, si wa ukimwi"? Na kama angekuwa na ukimwi, ingewahusu nini? Alichofanya ni kumwaga vidonge katika kichupa cha dawa ya kifua, na tangu siku hiyo hata mimi nikikohoa kwake siguzi chupa yoyote.

Nimeyasema ya kikombe. Sasa nije kwenye gunia, maana hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Mwaka 2004 mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini kwetu mwaka huo hutajwa kwa sauti ya chini. Mvua ilinyesha wakati usiofaa, mahindi yakavunwa yakiwa na maji. Njaa ilikuwa imepiga hodi, na watu waliogopa wezi, basi mahindi hayakuwekwa katika ghala la nje bali yaliingizwa ndani ya nyumba, yakarundikwa sakafuni na mengine chini ya vitanda. Kuvu ikaota. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyo na harufu ya kutisha wala ladha ya uchungu, na ambayo haiishi kwa kuchemshwa. Kati ya Januari na Julai mwaka huo watu 317 waliugua, na 125 wakafa. Wengi mno walitoka Makueni na Kitui. Nyanya anakumbuka jirani ambaye macho yake yaligeuka manjano, tumbo likavimba, na kabla ya wiki mbili kuisha akawa anazikwa. Mtoto wake akamfuata.

"Tulidhani ni watu wabaya," Nyanya aliniambia. "Kumbe ubaya tulikuwa tumeupika wenyewe."

Wataalamu waliokuja walichukua mahindi na unga kutoka sokoni, sampuli 350 kwa jumla. Kiwango kilichokubaliwa kisheria wakati huo kilikuwa sehemu 20 za sumu katika sehemu bilioni moja. Zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango hicho, na kuna zilizopita 1,000. Kisha wakawachunguza wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vilevile. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumu sehemu 354, yale ya wenzao 44. Hayo hayashangazi. Lililonifanya nisome ukurasa ule mara tatu ni hili: waliougua walipatikana pia na homa ya ini aina ya B mara nyingi zaidi ya wale wasiougua.

Mwalimu alinieleza hivi. Aflatoksini ikiingia mwilini hupelekwa kwenye ini, na ini ndilo linalojaribu kuisafisha. Ini ambalo tayari linapigana na virusi ni kama askari aliyevamiwa mbele na nyuma. Na hata sumu ikiwa kidogo, isiyoua kwa wiki mbili, ikiliwa mwaka baada ya mwaka huleta saratani ya ini. Mwenye virusi vya B na anayekula sumu hii yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu. Hatari hizo hazijumlishwi, huzidishana.

Basi unaona mambo yalivyo, msomaji. Mjomba ametengewa kikombe ambacho hakimdhuru mtu. Wakati huohuo Nyanya, kwa mapenzi yake yote, kila Jumamosi humpelekea mwanawe sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na kunde. Mahindi hayo yanatoka katika gunia lililo chumbani mwake, limeegemea ukuta, limekaa juu ya udongo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu kilikuwa kinatiwa chumvi na kitunguu.

Likizo ya Aprili nililifungua gunia hilo. Juu mahindi yalikuwa meupe, chini yalikuwa yameshikana, na mengine yana rangi ya kijani na kijivu. Nikamwita.

"Nyanya, haya si ya kula."

"Hayo mabaya huwa nayatoa kwa mkono. Mazuri naosha, natwanga. Mimi nimekula mahindi tangu kabla ya mamako kuzaliwa."

"Kutwanga kunapunguza, lakini hakumalizi. Na haya mazuri yamelala na mabaya."

"Basi nitawapa mbuzi."

"Mbuzi wa maziwa akila, sumu inatokea kwenye maziwa."

Hapo akaninyamazia. Nyanya aliuona ukame wa 1984, na gunia kwake si chakula tu, ni heshima ya nyumba. Kumwambia mtu kama huyo atupe mahindi ni sawa na kumwambia atupe shuka baridi ikianza. Mwenye njaa hana miiko, na aliyewahi kuiona njaa pia hana. Nilikuwa ninatafuta neno la kusema, nisilipate, ndipo akauliza mwenyewe, polepole, "Yule wa 2004, jirani, alikuwa na ugonjwa kama wa mjombako?"

Nikamwambia sijui kuhusu yeye, ila wengi wa aina yake walikuwa nao.

Gunia lilichomwa nyuma ya choo jioni ile. Si lote. Lile la pili, lililokuwa kavu, alilibakiza, na mimi sikubishana. Tulilipima kwa chumvi: unatia chumvi kavu na mahindi kiasi katika chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaiacha robo saa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi yana maji bado. Haikushika. Nyanya aliirudia mara mbili kwa kuwa hakuniamini, kisha akaita majirani waje kuona. Nakwambia jioni hiyo chupa za soda ziliadimika kijijini.

Tangu hapo mahindi ya boma lile yanaanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yamepandishwa juu ya mbao. Ndengu na kunde zimeongezwa shambani, pamoja na mtama, ambao kwa kawaida hauna shida ya sumu hii kama mahindi. Mjomba anasema uji wa mtama unamkumbusha jela, ingawa hajawahi kufungwa.

Na kikombe? Hilo halikutatuliwa na hotuba. Mama yangu alivuka mto siku ya Pasaka, akakuta chai imemiminwa, akakichukua kile cha kijani chenye uzi, akanywa mbele ya watu wote, akaomba aongezewe. Hakusema chochote. Mkaza mjomba alitazama kando. Kuna watoto sasa wanaogombea kikombe kile kwa sababu ya ule uzi. Lakini sitadanganya: kuna wazee wawili ambao hadi leo wakikaribishwa kwa mjomba husema wameshiba.

Lililobaki ni la ndoa. Mjomba ana mchumba, mwalimu wa chekechea huko Mutomo, na alimwambia habari zake zote kabla ya kumwambia jambo lingine lolote. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeyafichua naye huweza kuumbuliwa na baba mkwe! Mzee aliposikia alisema binti yake haendi kufia ugenini. Binti hakubishana naye. Alikwenda kupimwa, akakutwa hana virusi wala kinga, akaanza chanjo. Ya watu wazima ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Alirudi na kadi, akaiweka juu ya meza mbele ya babake, karibu na miwani yake. Mzee aliisoma, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakujaandikwa kitu. Kisha akauliza kuhusu watoto. Binti akamweleza kwamba mama aliyepimwa hana na mtoto aliyechanjwa hawana cha kuogopa.

Mzee amekubali mbuzi wa ntheo, ila amesema watapokelewa baada ya sindano ya tatu, wala si siku moja kabla. Pia ameuliza, kwa ukali kidogo, ni mkwe gani huyo ambaye hataonja pombe katika ntheo yake mwenyewe. Ameambiwa ni agizo la daktari, na kwamba ataletewa uji. Mbuzi wako watatu kwa Nyanya, wanakula majani tu. Sindano ya kwanza ilikuwa mwezi wa Mei, ya pili Juni. Ya tatu ni Novemba, na sisi wa kidato cha tatu tutakuwa tumefunga shule, kwa hivyo nitakuwapo.